Mama Fundo na siku kumi na sita za ukimya

Saa moja kasoro robo asubuhi, mlango wa chuma unasukumwa kutoka nje na toroli la kwanza linaingia kinyumenyume. Limebeba vifurushi kumi na viwili vya mashuka machafu, kila kimoja kimefungwa kwa pembe zake nne. Mwanamke mfupi aliyevaa glavu nene za mpira ananyanyua cha juu kabisa. Hakifungui. Anakigeuza kwanza, anaangalia fundo.

"Wodi ya tatu," anasema. "Na aliyefunga alikuwa anawahi kwenda nyumbani."

Ndipo anafungua. Anapitisha viganja juu ya kila shuka, anafuata mshono wa pindo, anakung'uta pembe moja baada ya nyingine. Katika kifurushi hiki anatoa kijiko, kalamu na soksi moja ya mtoto mchanga. Kijiko kinakwenda kwenye ndoo ya jikoni. Kalamu inaingia mfuko wa aproni. Soksi anaitia kwenye kopo la plastiki lililo juu ya rafu, nyuma ya sabuni.

"Kalamu ni za manesi," anaeleza. "Zikifika kumi nawapelekea mlangoni. Siku hiyo napokelewa kama bi harusi."

Hiki ni chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, chini ya ardhi, chenye mashine nne ambazo moja ilikufa mwaka jana na haijazikwa. Zikianza kuzunguka, watu huongea kwa mikono. Mwanamke huyu amefanya kazi humu miaka kumi na tisa. Kazi yake ni kupekua mashuka kabla hayajaingia kwenye maji: vifurushi mia moja na arobaini kwa siku, siku sita kwa wiki. Mshahara wake, kwa maelezo yake mwenyewe, hufika hadi tarehe kumi na nane. Kuanzia hapo nyumba inaendeshwa na cherehani ya mama mkwe wake.

Jina lake lipo kwenye kitambulisho, lakini humu ndani hakuna anayelitumia. Wanamwita Mama Fundo.

Jina hilo alilipata kwa sababu ya kitu ambacho hakuna aliyemfundisha. Vifurushi vinashuka kutoka wodi kumi na moja bila alama yoyote, vimechanganywa kwenye toroli. Lakini vinafungwa na wahudumu walewale kila siku, na kila mhudumu ana mkono wake. Kuna anayepiga fundo mara tatu kama anafunga mbuzi. Kuna anayezungusha pembe moja tu na kuiacha ining'inie. Kwa miaka, macho ya Mama Fundo yalizoea mafundo hayo kama mtu anavyozoea hatua za watu wa nyumbani kwake.

"Fundo ni mwandiko," anasema. "Ukiniwekea vifurushi kumi hapa nitakwambia vimetoka wapi, na nani amegombana na mume wake."

Mwenzake anayesimamia meza za pasi, mama mwenye miaka sitini kasoro, anadakia kutoka upande wa pili wa chumba kwamba huyu angeajiriwa polisi, wezi wangejisalimisha wenyewe ili wapumzike na maswali. Mama Fundo anacheka. Wawili hawa wamekula chakula cha mchana pamoja kwa miaka kumi na tano, na utani wao haujawahi kupoa.

Mashuka ya hospitali huficha mengi. Mgonjwa anavua pete kwa sababu vidole vimevimba, anaiweka kifuani, analala. Asubuhi shuka linavutwa, linakunjwa, linafungwa. Mama Fundo ameshatoa miwani, shanga, simu, barua, funguo za nyumba, na siku moja jicho la kioo ambalo lilimtazama kabla yeye hajalitazama.

Kupata kitu, anasema, ni kazi ya mkono, hata mtoto anaweza. Kazi iko kwenye kujua ni cha nani. Hapo ana desturi zake. Hampelekei mtu kitu na kumuuliza kama ni chake, maana mtu mpole atasema ndiyo ili asikukatishe tamaa, na mtu mjanja atasema ndiyo kwa sababu zake. Humwagiza msukuma toroli aulize wodini: nani amepoteza kitu, na ni kitu gani? Kisha anangoja jibu lishuke.

Hangoji juu kwa sababu haruhusiwi. Watu wa kufulia hawaingii wodini. Ni sheria ya usafi, na yeye mwenyewe anaikubali. Mikono inayoshika uchafu wa wodi zote, anasema, haina haki ya kutembea kitanda hadi kitanda.

Lakini mwaka jana aliivunja sheria hiyo, na sababu yake inatokana na kosa ambalo hakuna mwingine angeweza kulifanya isipokuwa yeye.

Ilikuwa siku ya Jumatatu. Kwenye pindo la shuka moja vidole vyake viligusa kitu kigumu, kidogo kama punje ya haragwe, chenye rangi ya ngozi. Alikuwa amekwisha kuona vya aina hiyo. Ilikuwa mashine ya sikio, ile ndogo inayoingia ndani kabisa, ambayo mtu akiivaa huwezi kuiona.

Aliliangalia fundo. Lilikuwa na mkia mmoja mrefu, kama wa panya. Mkia ule aliufahamu vizuri. Ulikuwa wa mhudumu mmoja mrefu wa wodi ya tisa, ya akina mama waliofanyiwa upasuaji, ambaye wenzake humwita Twiga. Basi Mama Fundo akaagiza swali wodi ya tisa. Jibu likarudi kwamba hakuna aliyepoteza kitu. Kesho yake akauliza tena, na keshokutwa. Hakuna. Akakiweka kile kifaa kwenye kopo, akaendelea na kazi.

Siku kumi na sita kilikaa humo.

Siku ya kumi na sita, Jumatano, alikuwa anafungua kifurushi chenye mkia wa panya akapiga chafya. Akaangalia glavu zake, zilikuwa zimeingia unga mweupe. Alisugua unga ule kati ya vidole viwili. Ulikuwa wa plasta, ile ya kufungia mifupa iliyovunjika. Wodi ya tisa haina plasta.

"Nilisimama hivi," anasema, akionyesha mikono iliyobaki hewani. "Mwenzangu akadhani nimepigwa na umeme."

Alitoka nje hadi kwenye ngazi na kumsubiri Twiga ashuke kwa chai. Alimuuliza kama bado yuko tisa. Twiga akashangaa. Alisema amehamishiwa wodi ya sita, mifupa wanaume, mwezi wa pili huu, na kwamba alidhani Mama Fundo anajua kila kitu.

Kwa hiyo kile kifaa kilikuwa cha wodi ya sita tangu mwanzo. Mashuka yenyewe yalikuwa yanasema hivyo, kwa unga wake na harufu yake ya dawa ya kuchua. Mama Fundo alikuwa hajayasikiliza kwa sababu fundo lilikwisha kumjibu.

"Nilikuwa na uhakika," anasema taratibu. "Mtu mwenye uhakika haulizi. Niliuliza, ndiyo, lakini niliuliza kwenye nyumba isiyo yenyewe. Mara tatu."

Alipomuuliza Twiga kama kuna mgonjwa asiyesikia vizuri huko sita, Twiga alisema hakuna. Kisha akaongeza, kama mtu anayesimulia jambo lingine, kwamba yupo mzee mmoja kitanda cha dirishani ambaye akili zimemruka. Ukimuuliza hili anajibu lile. Ijumaa atahamishwa.

Mzee huyo alikuwa amevunjika nyonga. Siku mbili za kwanza alikuwa na homa kali. Homa ilipoisha, daktari alimuuliza jina lake, akajibu kwamba amekula. Akamuuliza huu ni mwaka gani, akajibu mguu wa kulia. Jalada likaandikwa kwamba amechanganyikiwa. Wanawe watatu, wa kiume wawili na binti wa mwisho ambaye ni mwalimu wa chekechea, walielezwa kwamba kuna makao ya wazee wasiojitambua, mbali na mji, ambako wageni hupokelewa mara moja kwa mwezi. Fomu ilikuwa imekwisha kujazwa. Ilibaki sahihi moja, na ilipangiwa Ijumaa.

Mama Fundo hakuyajua yote hayo siku ile. Alijua tu kwamba kuna mtu anajibu maswali ambayo hakuulizwa. Njia ya kujua zaidi ilikuwa moja, nayo ilikuwa ghorofani.

Saa sita mchana alivua aproni, akanawa mikono hadi kwenye viwiko mara mbili, akabadili nguo na kupanda pamoja na watu wanaokuja kuona wagonjwa. Mlinzi alimuuliza anamwona nani. Alijibu, "Mjomba wangu, kavunjika." Mlinzi akamwambia ampe pole.

Wodini kulikuwa na wanaume ishirini na wawili. Hakuonyesha kifaa, na hakumuuliza mtu yeyote. Toroli la chakula lilikuwa limeachwa katikati. Alinyanyua kifuniko cha bati cha sufuria kubwa, akakiachia kianguke sakafuni.

Wodi nzima iligeuka. Mgonjwa mmoja aliyekuwa na mguu hewani alimtukania ukoo wote. Mwanamke kijana aliyekaa karibu na dirisha aliruka kutoka kwenye kiti. Mzee aliyelala mbele yake aliendelea kuangalia mikono yake mwenyewe, na alinyanyua macho tu alipoona kiti kimesogea.

Mama Fundo alimwendea yule mwanamke, ambaye ndiye binti, na kumuuliza kama mzee anatumia mashine ya sikio.

"Baba?" binti alijibu. "Baba hana tatizo la masikio, dada yangu. Tatizo lake liko huku." Akagusa paji la uso.

Mama Fundo akafungua kiganja.

Mzee ndiye aliyeona kwanza. Alinyoosha mkono na kukichukua kile kifaa, bila papara, kama mtu anavyochukua kijiko chake mezani, akakiingiza sikioni kwa kidole kimoja. Kisha akatikisa kichwa. Hakuna kitu.

Binti anasema wakati huo moyo wake ulianza kurudi chini. Lakini baba yake alikitoa tena, akakwangua kwa ukucha kijifuniko kidogo kama cha saa, akamwonyesha. Betri. Ilikuwa imejiishia humo koponi. Binti alitoka mbio bila viatu vya maana, akavuka barabara hadi kwa fundi saa.

Ndani ya dakika ishirini ambazo binti alikuwa nje ndipo nesi mkuu alipofika na kumtambua Mama Fundo. Aliuliza kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu, kama huyu si wa kule chini. Mama Fundo hakukataa. Aliambiwa atoke mara moja.

"Nilimwambia, dada, uniandikie barua yoyote unayotaka, nitaipokea kwa mikono miwili. Lakini naomba betri ifike kwanza."

Betri ilifika. Binti alisema neno moja, "Baba," kwa sauti ile ya kupaza ambayo kila mtu alikuwa amezoea kumsemesha nayo.

"Usinipigie kelele," mzee alisema. "Nasikia."

Daktari aliitwa. Mzee alitaja jina lake, la baba yake na la babu yake, akataja mwaka, mwezi na siku, na akaongeza kwamba chakula cha hapa hakina chumvi. Fomu ilichanwa kabla ya jioni.

Mambo mengine yalijulikana polepole. Mzee alifanya kazi miaka thelathini kiwanda cha mbao, na msumeno ndio uliomla masikio. Mashine ile aliinunua miaka sita iliyopita, na aliyejua ni mke wake peke yake, ambaye sasa ni marehemu. Watoto hawakuambiwa. Aliona haya. Ilipopotea, mwanzo homa ilimziba, na ilipotoka aliona heri anyamaze. Alidhani ni jambo la siku mbili tatu. Alipogundua kwamba wanamwona hana akili, kila alichosema kilikwisha kuwa ushahidi wa hilo. Aligusa sikio lake mara nyingi. Wakampa dawa ya maumivu.

Wanawe wa kiume walifika Alhamisi jioni, wamejaa furaha. Mzee aliwaacha wamalize. Kisha akawaambia jambo ambalo binti analikumbuka neno kwa neno.

"Nilikuwa sisikii. Sikuwa kipofu. Niliwaona mkisimama hapo miguuni mkiulizana nani atanichukua, na niliona mlivyotikisa vichwa, mmoja baada ya mwingine."

Mwana mkubwa alitoka kwenda ukumbini, na hakurudi hadi kengele ya wageni ilipopigwa.

Barua ya onyo aliipata wiki iliyofuata. Ameikunja mara nne, anaitunza pamoja na cheti chake cha ndoa. Inasema kwamba kosa la namna hiyo likirudiwa, ajira yake itakwisha. Nyumbani ana binti anayesoma bado, na macho ya mama mkwe hayaoni tena tundu la sindano kama zamani. Anajua uzito wa karatasi ile.

Lakini si barua iliyomkosesha usingizi. Mzee aliporuhusiwa kwenda kuishi kwa binti yake, Mama Fundo alikwenda kumwona Jumapili. Walimkaribisha wakidhani amekuja kushukuriwa. Wakatoa kiti kizuri. Yeye akakaa ukingoni na kuwaambia kwamba kile kifaa alikipata siku ya pili tangu mzee alazwe, kwamba ni yeye aliyekiweka koponi, na kwamba siku zote zile kilikuwa ghorofa moja chini ya kitanda cha mzee kwa sababu aliamini fundo kuliko shuka.

Mzee alimuuliza fundo lenyewe likoje. Mama Fundo akashika pembe mbili za kitambaa cha meza na kulifunga mbele yake, na mkia wake. Mzee alilipapasa muda mrefu.

"Wewe ulikosea siku kumi na sita," alisema. "Mimi niliwaficha wanangu miaka sita. Kunywa chai."

Katika nyumba ile siku hizi kuna shughuli ya jioni, iliyoanza majuzi tu. Wakati mzee alipokuwa wodini, binti alikuwa anakaa naye kila siku baada ya kazi na kumsimulia mambo, akidhani haelewi kitu, kama mtu anavyoongea na mtoto aliyelala. Sasa mzee anazidai siku zake. Kila jioni anauliza: siku fulani uliniambia nini? Na binti anaisimulia upya, siku moja kwa jioni moja. Wiki tuliyozungumza naye walikuwa wamefika siku ya tisa.

"Naiogopa ya kumi na moja," binti anasema. "Siku hiyo nilimwambia nimekubali wampeleke kwenye makao. Nilimwambia kwa kuwa nilidhani hanielewi." Amefikiria kuiruka. Lakini baba yake anahesabu.

Chini kwenye chumba cha kufulia, Mama Fundo amebadili namna ya kufanya kazi. Bado analiangalia fundo kwanza, mkono wa kale haukatiki, lakini halimalizi shauri. Ananusa shuka. Anatafuta unga, madoa ya iodini, nywele, makombo. Swali lake sasa linapelekwa wodi tatu badala ya moja, na msukuma toroli analalamika kwamba amegeuzwa tarishi wa mahakama.

Miezi miwili iliyopita alimwandikia mganga mkuu barua, kwa msaada wa bintiye kwenye tahajia. Hakuomba nyongeza ya mshahara. Aliomba nusu saa kila siku, baada ya kuoga na kubadili nguo, apande wodini mwenyewe na kopo lake. Ameambiwa suala hilo lina kikao chake Jumatatu. Kikao hicho kimeahirishwa mara mbili tayari.

Anatamani siku moja ateremke na kopo tupu. Siku hiyo, anasema, atapanda ua ndani yake.

Kwa leo lina soksi ya mtoto, kitufe cha shaba, na meno ya bandia ya chini yaliyopatikana Jumanne. Swali limekwisha kupelekwa wodi tatu, na majibu yote matatu yamerudi kwamba hakuna aliyepoteza kitu. Anayatoa meno yale na kuyageuza kwenye mwanga wa taa. Yamesagika upande mmoja, ya mtu anayetafunia kushoto.

"Huko juu kuna mtu siku ya tatu anakunywa uji tu," anasema, "na wameshaandika kwamba hana hamu ya kula."

Mwenzake wa pasi ameacha kupiga pasi. Anamkumbusha kwamba Jumatatu si mbali, ni siku nne tu, na kwamba barua ya kwanza ya onyo bado ina wino mbichi.

Mama Fundo anayafunga meno kwenye kitambaa safi na kuyatia mfukoni. Anaangalia saa ya ukutani. Imebaki robo saa wageni wafunguliwe mlango. Anaanza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja, kisha anakwenda kwenye bomba na kufungua maji.